Mtani Wangu Bi Brenner

Mtu asiniambie kwamba ugumu wa Ulaya ni baridi. Baridi unavaa sweta, yanakwisha. Kilichonitesa mimi kule Ujerumani ni mdomo wangu mwenyewe, uliokataa kufunguka mbele ya mwalimu.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni ya Ndanda. Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguliwa: korosho zinanunuliwa na watu binafsi, mitumba imejaa soko la Masasi, na nafasi za kusoma nje, ambazo zamani zilikuwa za watoto wa wakubwa, zikaanza kutufikia hata sisi wa kijiji cha Lulindi. Nikapata nafasi ya kusomea ualimu wa ukunga katika chuo kidogo kusini mwa Ujerumani. Kijerumani nilifundishwa na mtawa mmoja mkali kwelikweli, kwa hiyo lugha haikunishinda. Ila muhula wa kwanza ulikuwa wa majaribio: ukifaulu unaendelea, usipofaulu unarudi kwenu. Na baba yangu, Mzee Anselmo, alikwisha kuitangazia Lulindi nzima kwamba binti yake Cecilia atarudi mwalimu wa wakunga.

Mwalimu wetu aliitwa Bi Brenner, mwanamke mrefu mwenye mvi na viatu visivyotoa sauti. Alipoingia darasani hakuna aliyesimama. Wanafunzi walimjibu huku wanatafuna matufaha. Walimwambia usoni kwamba amekosea, naye akawashukuru! Mimi nilikaa nyuma, mikono mapajani, nikingoja aniulize. Wala hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu kwa jina. Aliyetaka kusema alisema.

Siku moja alituonyesha namna ya kumpokea mtoto, akitumia mwanasesere. Akafunga kitovu upande wa mama tu, akachukua mkasi, akakata. Niliona. Wenzangu wakapiga kelele, "Umekosea! Mtoto anavuja damu!" Bi Brenner akatabasamu. Alikuwa amekosea makusudi, kutupima.

Mimi nilingoja kipindi kiishe. Nikaenda kubisha hodi ofisini kwake, nikasimama mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nadhani upande wa mtoto haukufungwa.

"Uliona tangu pale?" akaniuliza.

"Niliona, mwalimu."

"Ukakaa kimya? Cecilia, mtoto ameshakufa. Amekufa wewe unangoja kipindi kiishe."

Hakusema kwa ubaya. Akanieleza kwamba walimu wenzake wanaona sielewi masomo, na kama mpaka Pasaka nitakuwa bado sijafungua mdomo darasani, yeye peke yake hataweza kunitetea. Nililia njia nzima mpaka bwenini. Tena nilikuwa na hasira. Ningemweleza vipi kwamba kwetu kumsahihisha mwalimu mbele za watu ni sawa na kumvua mama yako khanga sokoni? Nilikuwa nimempa heshima kubwa kuliko zote nilizo nazo, naye ameiona ujinga.

Kulikuwa na bruda, mtawa wa misheni ya Ndanda, aliyekuwa anamaliza likizo yake huko. Nikarekodi kaseti, nikampa ampelekee baba. Nilimweleza yote, nikamalizia kwamba aanze kuwaandaa majirani, maana binti yake anarudi mikono mitupu.

Jibu lilikuja na mgeni mwingine wa misheni: kaseti iliyofungwa kwa gazeti, inanuka moshi wa jikoni kwetu. Baba alikuwa amenunua redio kaseti kwa korosho za msimu ule, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuongea naye kupitia mashine ile. Nikaiweka. Kwanza likawika jogoo. Kisha kikohozi. Kisha sauti yake, kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Inazunguka? Mama Cecilia, inazunguka hii?"

"Inazunguka, Baba Cecilia. Sema."

"Isije ikawa naongea na ukuta."

"Si nimekwambia inazunguka! Sema, betri zinakwisha."

Nilicheka peke yangu chumbani, machozi yananitoka.

"Mwanangu Cecilia," baba akasema, "nimesikia. Huyo mwalimu usimvunjie heshima, mwalimu ni mzazi. Lakini nikuulize. Nurdin wa Mkunya akija hapa ananiita mlafi mbele ya wakwe zangu, na mimi simkasirikii. Kwa nini? Kwa sababu yeye Mmakonde, mimi Mmakua, tu watani. Na utani ulitoka wapi? Si wazee walipigana, wakachoka, wakaacha? Haya. Wajerumani nao walikuja huku na bunduki zao. Babu yangu mimi alipigana nao vita ya Maji Maji. Vita imekwisha. Sasa watu waliopigana wakaacha ni nini, kama si watani? Mzazi humwambii amekosea, mwanangu. Mtani unamwambia mpaka asubuhi. Inazunguka bado?"

Kesho yake nilibisha tena hodi kwa Bi Brenner. Safari hii niliingia nikakaa. Nikamweleza utani mwanzo mpaka mwisho, naye akasikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo utanitukana?"

"Nitakutania. Na wewe unitanie. Hakuna kukasirika. Ila siku mmoja wetu akifiwa, mwenzake lazima aje, hata kutoka mbali, awachekeshe wafiwa."

"Awachekeshe? Msibani?"

"Ndiyo kazi ya mtani. Asipokuja ni aibu."

Akataka kumsikia baba mwenyewe. Nikaicheza kaseti, namtafsiria sentensi kwa sentensi. Tulipofika pale pa betri alicheka mpaka akavua miwani, akaniomba nirudishe nyuma.

Karibu na Pasaka walimu wengine walikuja kukaa nyuma ya darasa. Nilijua wamekuja kwa ajili yangu. Bi Brenner akamzalisha mwanasesere vizuri kabisa, kondo la nyuma likatoka, akalitia kwenye beseni bila kuligeuza wala kulitazama, akaelekea kunawa mikono. Hakuna aliyesema kitu. Nikasimama, peke yangu kwenye darasa ambalo hakuna anayesimama.

"Mtani! Unakwenda wapi? Kondo hujalikagua, kipande kimebaki tumboni! Au unaogopa kahawa itapoa? Ndiyo maana Waingereza waliwatimua Newala!"

Walimu waliokaa nyuma wakatazamana. Nilikuwa nimesahau kwamba kule vita haitaniwi, wao wana vidonda vyao. Mwalimu mmoja akainamisha kichwa. Nikaona sanduku langu limekwisha fungwa.

Bi Brenner akageuka polepole, mikono inachuruzika maji.

"Ahsante, mtani," akasema. "Nashukuru leo hukungoja kipindi kiishe."

Akaanza kucheka yeye. Halafu darasa zima. Mimi nikakaa. Lakini toka siku ile sikunyamaza tena, na baada ya Pasaka hakuna aliyetaja habari ya kunirudisha. Ajabu ni kwamba yeye naye alianza kuniuliza kwa jina, na kuningoja nijibu.

Nilirudi nyumbani mwalimu wa wakunga, kama baba alivyotangaza. Aliniona nikifundisha mara moja tu, kupitia dirishani, akaenda zake anatikisa kichwa kwa furaha.

Alifariki mwaka ule mvua za El Niño zilipokata barabara, mvua zenyewe zimekwisha na mikorosho inaanza kutoa maua. Nikamtumia Bi Brenner habari kwa faksi ya misheni, maneno machache, kwa kuwa lazima mtani aambiwe. Sikumtegemea. Mzee Nurdin alikuja kutoka Mkunya, akafanya kazi yake: alijilaza kitandani mwa baba, akakataa kuinuka, akidai Anselmo amekimbia ili asimpikie kuku. Watu walicheka. Mimi sikucheka, wala sikulia. Niliendesha msiba kama wodi: nani anachota maji, nani anapika, nani hajala. Mama alianza kuniogopa.

Siku ya arobaini, watu wamejaa uwanjani, Landrova ya misheni ikaingia, nyekundu kwa vumbi. Akashuka Bi Brenner, amejifunga khanga upande. Akamwamkia mama shikamoo. Mimi akanipita kama hanijui, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba, ambacho hakuna aliyekikalia tangu tumzike. Kofia ya ukindu ya baba ilikuwa juu ya kiti hicho. Akaichukua, akaivaa. Akakaa, magoti mbalimbali, kama alivyokuwa akikaa baba. Watu wakaacha kula.

Akakohoa. Kisha kwa sauti kubwa, ile ile ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde:

"Inazunguka? Mama Cecilia, inazunguka hii?"

Uwanja mzima ulilipuka. Mzee Nurdin alipiga makofi akapaaza sauti, "Huyu mtani! Wallahi huyu mtani kweli!" Nami nikacheka, nikacheka mpaka kicheko kikageuka, nikaanguka mbele ya kiti kile nikamlilia baba yangu kama mtoto. Nililia yote niliyokuwa nimeyabana.

Ukiacha shikamoo na maneno yale ya kaseti, Bi Brenner hakuwa na Kiswahili kingine. Alikuwa amejifunza hicho tu, akabaki amenishika kichwa, machozi yanamtiririka chini ya kofia ya baba. Aliyejibu ni mama. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akasogea karibu na kiti.

"Inazunguka, Baba Cecilia," akasema. "Sema."