Makofi kwa Oskar Feldsberg

Edith Feldsberg hakutoka New York mpaka Vienna kuja kula keki. Alifuata makofi. Baba yake, Oskar, alikuwa mtunzi wa muziki aliyefukuzwa mjini humu na Wanazi mwaka thelathini na nane, kosa lake Uyahudi tu. Huko ugenini alizunguka nyumba za watu akifundisha piano watoto wasioitaka. "Wanipigie makofi kwetu, mara moja tu," alikuwa akisema, "halafu nife zangu." Masikini, akafa bila hata kofi moja.

Sasa ilikuwa miaka hamsini tangu afukuzwe, Jumapili asubuhi, na kijana mpiga piano aitwaye Ruprecht Zeidler angepiga sonata ya Oskar, muziki wa piano peke yake, pamoja na ya Schubert, yule mtunzi wa zamani ambaye Vienna hujivunia kuwa ni mwana wao. Karatasi ya ratiba ilisema Schubert kwanza, Feldsberg baada ya mapumziko.

Lakini Zeidler alipopanda jukwaani alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kola ya shati lake, kwamba amebadilisha: Feldsberg atatangulia. Nani amsikie? Watu wa Vienna humaliza kikohozi chao chote kabla muziki haujaanza, maana ukikohoa katikati utatazamwa kama mwizi wa kuku. Ukumbi mzima ulikuwa unakohoa. Edith alisikia kwa sababu alikuwa akilingoja jina hilo tangu utotoni.

Jirani yake, bibi mwenye kofia ya manyoya, alikuwa anapigana na karatasi ya peremende. Alikuwa amejitambulisha kuwa ni Frau Hofrat Pichler. Frau ni Bibi, na Hofrat ni cheo cha mumewe serikalini. Mume keshazikwa, cheo kimebaki kwa mjane, na ole wako umwite bila hicho cheo.

Piano ikaanza. Ilipofika ile sehemu ya polepole, Edith aliubana mkoba wake kifuani. Hiyo baba yake alikuwa akiipiga kwa vidole juu ya meza ya jikoni, kwani piano ya kwao hawakuwa nayo. Yeye aliijua kwa kuitazama tu. Looh, kumbe ilikuwa nzuri namna hii! Akamkumbuka baba yake mpaka mwili ukamuuma.

Ilipokwisha, watu walisimama. Makofi, vigelegele, miguu inagonga sakafu! Frau Hofrat alikuwa analia, wanja umemchirizika mashavuni.

"Umesikia, mwenzangu?" alisema. "Schubert huyo! Schubert wetu!"

Makofi ndiyo haya haya aliyoyafuata Edith, na yote yanakwenda kwa mtu mwingine.

"Mie najiondokea," Frau Hofrat aliendelea, akikusanya glavu zake. "Baadaye kuna huyo sijui Feldsberg. Hao waliokimbilia Marekani, muziki waliuacha njiani. Sitaki aje anichafulie masikio."

Edith angenyamaza, yangepita. Lakini damu ilikuwa imeshamchemka.

"Keti kwanza, Frau Hofrat. Huyo hakuwa Schubert. Wamebadilisha ratiba, wewe ulikuwa na peremende yako. Huyo ndiye Feldsberg. Ni baba yangu mzazi."

Bibi alimpandisha na kumshusha kwa macho, kisha akacheka.

"Acha mzaha! Nimezaliwa mji huu, nimezeekea mji huu, hunidanganyi. Aliyetunga ule muziki ni mtu wa hapa hapa. Huu mji ulikuwa umemkaa moyoni. Mgeni hawezi kuigiza vile, hata umchape viboko."

Edith aliushika mkono wa yule bibi asiyemjua, akaung'ang'ania huku machozi yanamtoka hadharani.

"Rudia hapo, Frau Hofrat," alisema. "Tafadhali, rudia. Baba yangu amekufa akingoja mtu wa Vienna aseme hivyo."