Swali la Tatu

Swali likatokea kwenye simu: "Mteja mzee akiingia ukiwa na kazi nyingine, utampokeaje?"

Nilikuwa naomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Mwanza. Usaili gani huo, hauna hata mtu! Programu inakuuliza, inakurekodi, halafu inakupa alama. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai.

Nafungua tu mdomo, bibi yangu huyo mlangoni. Ameshuka kwenye meli kutoka Nansio na mfuko wa dagaa, wala hakupiga simu kwanza. Ningefanyaje? Nimnyooshee kidole anyamaze? Kwetu mzee haachwi amesimama mlangoni. Nikainuka, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Odeta."

Nikampokea mzigo, nikampisha kwenye kiti changu maana kilikuwa hicho kimoja, nikamletea maji. Niliporudi kwenye simu, muda wa swali ulikuwa umekwisha.

Majibu yalikuja bibi hajamaliza chai. "Tunasikitika kukujulisha." Nani anasikitika? Nilitafuta jina la mtu, sikuliona. Chini waliandika sababu: "Swali la tatu: mwombaji aliondoka bila kujibu."

Bibi akaniona nimenuna. Akataka nimsomee hilo swali, nikamsomea.

Akakitazama kiti alichokalia, akaitazama bilauri ya maji, kisha akanitazama mimi niliyekaa chini kwenye mkeka.

"Sasa," akasema, "si umeshajibu?"