Supu ya Mwani

Nyumbani kwa Bi Boksun, mjini Jeonju, kila mwenye siku ya kuzaliwa hupikiwa supu ya mwani asubuhi. Oyuna, msichana wa Kimongolia aliyekuja kusomea Kikorea, aliamka siku yake akakuta wali na yai tu.

“Kula uende! Mtihani haumngoji mtu,” mama mwenye nyumba alifoka.

Oyuna alikula, akachukua mkoba wake akatoka. Mgeni ni mgeni tu, aliwaza njia nzima.

Jioni aliporudi, harufu ya mwani ilimpokea mlangoni.

“Kumbe hukusahau, Mama?”

“Nisahau nina wazimu? Mwani unateleza, nawe ungeteleza nao mtihanini. Mzazi gani atamlisha mwanawe mwani asubuhi ya mtihani? Hebu nawa mikono!”