Nyuzi za Mbuzi wa Muhidini

Eufrasia alimwahidi mumewe jambo moja tu pale kitandani alipougulia: siku ya kumtoa nyumbani, fidla yake ilie. Mwalimu Nicolaus hakutaka matarumbeta wala spika za kukodi. Alitaka fidla, na aipige binti yao Imani, aliyemfundisha mwenyewe tangu akikaa kitini miguu haifiki chini.

Fidla yenyewe ilikuwa ajuza. Mwalimu aliachiwa na padri mmoja huko kwao Songea, kabla hajahamishiwa Kibiti kufundisha. Haikuvaa chuma kama fidla za leo. Ilivaa nyuzi za utumbo. Muhidini, mchinja mbuzi wa Bungu, ndiye aliyeleta matumbo, na yeye na Mwalimu wakayaosha uani, wakayakwangua, wakayasokota, wakayaanika, huku wakitukanana. Watani hao, Mngoni na Mmatumbi.

"Wazungu wa zamani walipigiana muziki sebuleni," Mwalimu alipenda kusimulia. "Sauti ndogo, watu wachache, unasikia hata pumzi ya mpigaji. Baadaye wakajenga kumbi kubwa. Fidla za mababu zao wakazikata shingo, wakaziunga upya, wakazikaza, na mwishowe wakazivika chuma, zipige kelele. Siku hizi wapo wanaozirudia zile za kale, wasikie kama walivyosikia wenyewe."

Kisha humgeukia Imani. "Kitendawili!"

"Tega."

"Alipokuwa hai alilia mwenyewe, alipokufa analiza watu."

"Ngoma!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Bungu, baba."

"Nimekwenda Bungu, nimekula nyama ya Muhidini, meno yote nimeyaacha huko. Ni mbuzi, mwanangu! Utumbo wake si huu hapa?"

Sasa Mwalimu amelala sebuleni ndani ya jeneza, na watu wamejaa mpaka barabarani. Imani, aliyefika jana kutoka Dar, akaijaribu fidla chumbani.

"Mama, hata mlangoni haifiki. Nimebeba nyuzi za chuma. Niweke?"

Eufrasia alisikiliza mvumo wa sauti za watu chini ya turubai. Wanafunzi wa Mwalimu wa miaka yote hao, wamekuja kumuaga, warudi bila kusikia kitu?

"Weka," alisema. "Wamsikie wote."

Imani akazivua zile nyuzi laini, akazilaza kitandani. Akavalisha chuma, akakaza. Ule wa mwisho ulipopanda, mti mkongwe haukuhimili mvuto wa chuma; ukalia ka! na kifua cha fidla kikapasuka toka juu mpaka chini.

"Mama," alisema, akaipakata fidla mapajani.

Eufrasia hakumgombeza. Ruhusa si kaitoa mwenyewe?

Wakatoka, wakakaa sebuleni kando ya jeneza. Mara Muhidini akaingia kwa kelele, kofia kisogoni, kajifunga kanga ya mkewe kiunoni. "Yuko wapi huyo mvivu wa Kingoni? Matumbo yanamngoja uani, yeye kajilaza na suti!" Watu wakacheka. Ndipo akaiona fidla mapajani mwa Imani. Akanyamaza. Jamani, mtani kunyamaza msibani, nani aliwahi kuliona hilo?

"Nyuzi zangu ziko wapi, shemeji?"

Eufrasia akamletea. Muhidini akachagua mmoja, ncha hii akaing'ata, ile akaizungusha kidoleni, akauvuta, akainama juu ya jeneza, akaudonoa. Sauti ikatoka, nyembamba kama ya mtu anayeongea usingizini. Waliosimama mlangoni waliangua kicheko wakidhani ni utani bado, maana hawakusikia kitu. Eufrasia alisikia. Muhidini akaudonoa tena, na tena.

Kisha akautoa uzi mdomoni. Machozi yalikuwa yamemwingia ndevuni.

"Kitendawili, Mngoni!"

Hakuna aliyesema tega.

"Umeshindwa? Haya, nipe mji."

Wachukuzi walikuwa wamekwisha kushika jeneza. Eufrasia akaweka kiganja juu ya kifuniko, akamjibia mumewe.

"Chukua Kibiti," alisema. "Chukua yote. Mimi nakaa na nani humo?"