Mla Nguzo wa Mchafukoge

Jumanne asubuhi Mektilda alikuwa akitundika sufuria mlangoni pa fremu yake ya duka, Mchafukoge, wakati Chokaa alipotoka kwenye kitabu cha katuni. Kitabu kilikuwa wazi juu ya kaunta, wino haujakauka vizuri. Mchoraji wake alikuwa Aristides, mdogo wake Mektilda, na meza yake ilikuwa humo humo dukani, nyuma ya mabeseni.

Chokaa alikuwa adui wa shujaa katika katuni hiyo. Hakuwa na macho, meno yake yalikuwa vipande vya nondo, na kazi yake ilikuwa kula nguzo za majengo watu wakiwa ndani. Watoto wa Kariakoo walikojoa kitandani kwa sababu yake. Kwa kuwa alichorwa miaka mitatu tu iliyopita, alimwamkia Mektilda shikamoo.

"Marahaba. Usinichafulie mabeseni."

Sitara, muuza vitenge wa fremu ya jirani, alichungulia. "Ndiye huyu anayewanyima wanangu usingizi? Mbona kakonda hivi?"

"Sijala tangu toleo la nane," alisema Chokaa. Akauliza ngazi za kushuka stoo ziko wapi, akashuka.

Aristides aliweka kalamu. Ghorofa ya nne ya jengo hilo alilala mama yao, ambaye tangu mwaka juzi miguu yake ilikataa ngazi.

"Dada, huyu akila nguzo mbili tu, tumekwisha. Nimemchora mwenyewe, namjua."

Mektilda alichukua mchi wa kinu, akamfuata. Alimkuta amesimama katikati ya stoo, mdomo mkavu.

"Zimeshaliwa," alisema Chokaa.

Ilikuwa kweli. Mwenye jengo alikuwa amekata nguzo tatu ili apate fremu sita zaidi. Wapangaji walikuwa wamelalamikia vumbi tu. Nyufa waliziona, lakini kila mmoja alikuwa ametoa pesa ya kilemba ili apate fremu yake, na kilemba hakirudishwi ukihama. Kwa hiyo walibandika kalenda juu ya nyufa.

Dari likalia kama mtu anayevunja muwa. Chokaa akainua mikono, akalishika, akajikaza. Likanyamaza.

"Sijawahi kuogopa hivi," alisema. "Huyu mwenzangu ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Ana meno?"

"Ana kibali."

Toka siku hiyo jengo halikutikisika. Mama yao alilala usingizi wa kukoroma, wa kwanza tangu Kwaresma. Sitara alimpelekea Chokaa vipande vya matofali kila asubuhi, akamlisha kwa chai ya rangi kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Wanawe nao waliacha kukojoa kitandani. Wapangaji walishusha pumzi, na wengine wakabandua kalenda.

Wiki ya pili mwenye jengo alishuka stoo. Alimbonyeza Chokaa begani kama mtu anayechagua nanasi, akaridhika. Jumatatu mafundi walikuja kukata nguzo ya nne. Pale aliposimama Chokaa palipangishwa kwa muuza chaja za simu, ambaye alizitundika kwenye viwiko vya Chokaa.

Dari lilianza kulia tena, taratibu, upande wa pili.

Mektilda alifuta vumbi kwenye meza ya mdogo wake, akamwekea karatasi safi.

"Chora mwingine," alisema. "Huyu awe mnene."