Kompyuta Iliyovaa Sweta

Walimwita Kwanini tangu alipojua kusema, na jina halikumwonea. Safari hii alitaka kujua kompyuta ikipozwa chini ya sifuri itakimbia kiasi gani. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa, mhariri wa video za arusi, aliyeitoa kwa shingo upande.

"Ukiiua, arusi ya Jumamosi utaihariri kwa kucha zako," alimwambia kabla ya kwenda kazini.

Fundi alikuwa mjomba wao, mtengeneza mafriji. Kiyoyozi kibovu walikifumua hapo hapo sebuleni. Koili, lile bomba linaloleta baridi, Mjomba alilikunja polepole, kama anayemvisha mtoto shati, hadi likaenea ndani ya kasha la vinywaji. Wakamimina maji ya rejeta, yale yasiyoganda upesi. Pampu ndogo ikayasukuma kwenye mpira hadi kwenye kibati cha shaba kilichobanwa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, kisha yakarudi kashani kupozwa upya.

Mipira yote waliiviringishia sponji nyeusi, isipokuwa kipande cha shibiri moja karibu na kibati.

"Hapa mbona uchi?" Mjomba aliuliza.

"Nataka kuona baridi ikifika."

"Kwani baridi ni mgeni?"

Ilifika kweli. Mpira ukatoka jasho, jasho likageuka unga mweupe, unga ukanenepa. Kipimajoto kikasoma hasi kumi, hasi kumi na tano. Kwanini akaipandisha kasi kompyuta kidogo, akangoja, akaipandisha tena. Ikakubali. Alisahau hata kumeza mate.

Mjomba naye alikuwa akiutazama ule weupe kwa jicho jingine. Kwake yeye, bomba likivaa sweta, friji inaumwa, na dawa ya kwanza ni kuizima. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi. Kompresa, mashine ya kiyoyozi inayosukuma baridi, ikanyamaza.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimeiokoa! Huoni inaganda?"

Tone la kwanza likaning'inia chini ya mpira. Hapo ndipo Kwanini alipoelewa: baridi haikuwa imemdhuru mtu. Balaa lilikuwa kuyeyuka kwake, na chini ya lile tone palikuwa na bodi yenye umeme, na kazi ya dada yake.

Akang'oa waya ukutani. "Tuilaze! Maji yadondokee nje!"

Wakaigeuza pamoja, mipira ikining'inia kama matumbo, na matone yakaanguka sakafuni, tone moja tu likigusa ukingo wa bodi. Wakafuta, wakawasha feni, wakaketi kando yake kama wenye mgonjwa wodini. Dada akawakuta hivyo hivyo. Kwanini akamweleza yote, pamoja na kile kipande alichokiacha uchi kwa hamu ya kuona.

"Mimi ndiye niliyezima," Mjomba akaongeza.

Dada akaisogeza feni karibu na kompyuta. Hata ilipokauka kabisa, ni yeye aliyebonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi, cheusi, kisha kikawaka. Akafungua video: bibi arusi yupo, anacheka. Dada akashusha pumzi, akaweka mkoba chini.

"Mlipozima, ilikuwa imefika kasi gani?"

"Ilikuwa bado inapanda."

"Bado?" Akaugusa mpira kwa kidole, akakifuta kwenye sketi. "Jumamosi ikipita, viringisheni yote. Na Mjomba akae mbali na swichi."