Inchi Sita za Mama

Jumatatu asubuhi Mwalimu alipangusa meza ya chakula, akatandaza juu yake fomu ya wakala, akatafuta kalamu yenye wino, kisha akaenda kushuhudia mama yake akipimwa.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa keshamsimamisha Mama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mahali pa siku zote. Mama alisimama wima, visigino vimegusa ubao, kidevu juu. Fundi alilala kifudifudi sakafuni, akaweka rula juu ya kichwa cha Mama, akachora mstari kwa penseli, akanyoosha tepu.

"Sita," alisema. "Inchi sita kamili."

"Hiyo tepu umeikunja," Mama alisema. "Nyoosha vizuri."

Mwili wa Mama ulikuwa umepungua, lakini sauti haikupungua hata chembe. Ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiwaita binti zake kutoka mwisho wa mtaa, na jirani wa upande wa pili wa ukuta aliisikia bila taabu.

"Mama kafika wapi mwaka huu?" jirani aliuliza kupitia dirishani.

"Sita," Fundi akajibu.

"Anajitahidi," jirani alisema, akaendelea kuanika nguo.

Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Mwalimu alipoondoka mara ya kwanza kwenda kufundisha Kiingereza nchi za nje, Mama alikuwa na futi tano na inchi moja. Kimo cha kawaida, cha mtu wa kufika rafu ya pili bila kujinyoosha. Mikataba ya wakala ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kila ulipokwisha, Mwalimu alirudi nyumbani mwezi mzima, akajaza fomu ya nchi nyingine, akaondoka tena, na kila mara alimwacha Mama akiwa mfupi kuliko mwaka uliotangulia. Daktari alimpima damu, akasema damu ni nzuri, akashauri wanunue kiti kifupi. Wakanunua. Miaka miwili baadaye kikawa kirefu.

Alama za penseli zilishuka kwenye mwimo, na kando ya kila alama Fundi aliandika nchi aliyotoka dada yake. Hayakuwa majina ya kwenye ramani. Mama hakuwa na subira na majina ya ramani, kwa hiyo alibandika yake. Kwa Visiwa ilichukua inchi tatu. Kwa Milima, saba. Kwa Baridi ilichukua tisa, na ndiyo iliyomtoa Mama kwenye kitanda ikamhamishia kwenye droo ya cherehani, ambako Fundi alimtandikia godoro la vipande vya pamba.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mwalimu alikuwa amesema hivyo mara tatu huko nyuma, na kila mara alikuwa mkweli wakati anasema. Safari hii lakini wakala wenyewe ndio walioandika: mwakani angetimiza miaka sitini, nao hawapeleki mtu wa sitini. Fomu ilikuwa na nchi tatu. Atie tiki moja, jibu lifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Hakuna aliyemlazimisha kwenda, tuseme ukweli. Nyumba ilikuwa na paa zuri, na cherehani ya Fundi haikulala njaa. Ila huko nje, Mwalimu akiingia darasani watoto arobaini walisimama. Alikuwa na chumba chenye dirisha moja na ufunguo mmoja, na hakuna aliyemuuliza chumvi imewekwa wapi. Alipenda kuwa huko, na alikuwa ameshachoka kujidanganya kwamba anakwenda kwa ajili ya familia.

Basi alikaa mezani na daftari la mistari, akapiga hesabu kama anavyofundisha wengine: kwanza unachokijua, halafu usichokijua. Kwa Baridi ilikuwa inamtaka tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika barua kwa mkono wake. Lakini inchi tisa kutoka kwenye sita haziwezekani, hilo hata darasa la pili wanalijua. Nchi ya pili hakuwahi kufika, kwa hiyo haikuwa na alama mlangoni. Ya tatu ilikuwa Kwa Visiwa. Shule mbovu, chumba chenye unyevu, watoto wasumbufu. Inchi tatu. Mama angebaki na tatu.

"Kwa Visiwa," alimwambia Fundi jioni.

Fundi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Haya, dada."

Jumanne saa nne asubuhi simu ililia. Alikuwa karani wa wakala, kijana mwenye sauti ya mtu anayekula huku anaongea.

"Mwalimu, pole. Kwa Visiwa imejaa."

Yeye naye aliiita hivyo. Miaka kumi na moja ni mingi. Majina ya Mama yalikuwa yameshaingia kwenye mafaili ya wakala.

"Imejaa lini?"

"Asubuhi hii. Zimebaki mbili. Na Ijumaa ni Ijumaa, unajua wakubwa walivyo. Mama hajambo? Inchi ngapi sasa?"

"Sita."

"Basi angalia usichague mbali sana," karani alisema, akakata.

Mwalimu alirudi mezani. Alikaa hapo mchana kutwa, kalamu mkononi, kana kwamba yeye ndiye anayefanya mtihani. Aliweka ncha ya kalamu kwenye kisanduku cha Kwa Baridi, akaiondoa. Akaiweka kwenye nchi asiyoijua, akaiondoa. Chai ilipoa, ikaletwa nyingine, ikapoa nayo.

Jumatano asubuhi gauni la Mama lilimvuka miguu. Fundi alikuwa amelishona Jumapili kwa kitambaa cha leso, na Jumapili lilimkaa sawasawa. Sasa pindo lilikuwa linaburuta, na Mama alijikwaa akaangukia kastabani ya kushonea aliyoifanya kikombe cha chai.

Walimpima. Inchi tano.

"Lakini sijaenda popote!" Mwalimu alisema. "Niko hapa. Nimekaa hapa hapa!"

Fundi alichomoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye mto wake. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyempita dada yake kwa kichwa kizima, na alipokuwa na jambo zito alizoea kusimama. Alisimama. Akavuta daftari la vipimo vya wateja kutoka chini ya cherehani, akafungua ukurasa wenye jina la Mama.

"Mimi nampima kila mwezi," alisema. "Nguo hazishonwi kwa kubahatisha. Tazama. Mwaka ule ulipokuwa Kwa Baridi, miezi kumi na moja, hakupungua hata nywele. Soma mwenyewe. Kwa Milima hivyo hivyo. Anapungua wiki hii, dada. Wiki ya fomu. Unapokaa na hiyo kalamu."

Mwalimu alisoma ukurasa wote, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anayesahihisha. Hakukuwa na kosa.

"Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza nchi imechukua ngapi. Nami nikakuandikia nchi." Fundi alifunga daftari. "Na nilidhani utaliona. Wewe si ndiye msomi?"

Mwalimu alilia hapo hapo, amekaa juu ya robota la vitambaa, na kilio chake hakikuwa cha kujionyesha. Fundi alimwacha alie, kisha akamletea maji.

"Kuna jibu jingine," Fundi alisema polepole. "Halimo kwenye fomu."

"Najua."

"Nasema tu."

"Najua, mdogo wangu. Nipe leo."

Alimpa leo. Mwalimu aliifungia fomu kwenye kabati, akaosha vyombo, akafagia uani, akabandua nyavu za buibui ambazo hazikuwa zimemkera mtu. Lakini fomu ya kabatini alikuwa akiijaza kichwani. Alikuwa akisugua sufuria huku anauona ule ubao mweusi wa Kwa Baridi, chaki yake, theluji dirishani, na watoto wakiinuka kwa kishindo kimoja. Kufika jioni Mama alikuwa na inchi nne. Alhamisi Mwalimu alijaribu kutofikiri kabisa, akawa hafikiri kingine. Mchana ikawa tatu na nusu. Fundi aliacha kushona gauni. Akakata kipande cha utepe, akamvika.

Jioni hiyo Mama aliomba awekwe juu ya meza. Alikaa juu ya rili la uzi mweupe, mikono mapajani.

"Mwanangu," alisema, na jirani upande wa pili akazima redio ili asikie vizuri. "Kama huendi, usiende. Kama unakwenda, nenda. Kuna watoto wengi wameondoka na mama zao hawakufa. Lakini hii ya kukaa hapo, mguu ndani mguu nje, unatuangalia kama unachagua viazi sokoni, ndiyo inayonimaliza."

"Nikibaki, Mama, utarudi kimo chako?"

"Mtoto wewe! Umeona wapi mzee akarefuka?"

Ijumaa asubuhi Mama alikuwa na inchi tatu, na Mwalimu aliamka na uamuzi. Angebaki. Alimwambia Fundi wakinywa chai, na Fundi aliweka kikombe chini, akashika mkono wa dada yake, akaushikilia kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona Fundi amekaa asubuhi bila kazi mkononi.

Saa tano na nusu Mwalimu alipiga simu.

"Haya, Mwalimu," karani alisema, mdomo umejaa. "Twende wapi?"

Mwalimu alifungua kinywa kusema hapana. Alikuwa amelipanga hilo hapana tangu alfajiri, limekamilika, na shukrani mwishoni. Lakini wazo moja lilimpitia, dogo na safi: kama ni kuchagua ndiko kunakompunguza Mama, basi nchi hazina kosa. Na kama nchi hazina kosa, Kwa Baridi haina kosa. Kinachotakiwa ni kusema haraka tu, kuchagua kusiwepo.

"Kwa Baridi," alisema.

"Safi kabisa. Wiki mbili kutoka leo, gari litakufuata mlangoni."

Aliweka simu chini. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na alikuwa amesikia. Alimchukua Mama kutoka kwenye droo, akamweka kwenye mwimo, akalala kifudifudi na rula yake. Mwalimu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Tatu," Fundi alisema. "Kama asubuhi."

"Pima tena."

"Tatu, dada. Hajapungua."

Mwalimu alicheka kwa sauti, akambeba mama yake kiganjani, akambusu kichwa kizima kwa mara moja. Alikuwa ameikwepa hasara. Mwaka wa kumi na mbili, wa mwisho, na uamuzi wenyewe haukuchukua kitu! Mama aliminya midomo, akajipangusa.

"Mimi sina cha kutoa tena," alisema. "Zamu imehama."

Lakini Mwalimu alikuwa keshakwenda kutafuta mabegi.

Wiki mbili zile zilikuwa nzuri. Alipanga nguo za baridi, akaimba, akamnunulia Mama kioo cha kidoli. Aliona Fundi amegongomelea kibao juu ya pedali ya cherehani, akadhani pedali imelika. Aliona magauni ya Fundi yanafagia sakafu, akadhani ndiyo mtindo. Fundi mwenyewe aliona nguo zinamlegea, akasema ni uchovu. Alikuwa na oda za watu wazima wanane, kila mmoja na vipimo vyake daftarini. Vya kwake havikuwemo. Kinyozi hajinyoi.

Siku ya safari gari lilifika mapema, likapiga honi. Mwalimu aliingia jikoni kuaga, akamkuta mdogo wake ameburuta kile kiti kifupi cha Mama, amekipanda, ananyoosha mkono kufikia chupa ya chai kwenye rafu ya juu. Hakuifikia.

"Rafu mmeipandisha lini?" Mwalimu aliuliza.

"Hatujaipandisha," Fundi alisema.

Akashuka. Alipokuwa chini, utosi wake ulifika begani kwa Mwalimu. Wakatazamana, mmoja akiinamisha shingo na mwingine akiiinua, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mpangilio huo tangu wakiwa wasichana wadogo. Mwalimu alikumbuka ile Ijumaa, na jinsi ulimi wake ulivyotamka zile silabi chache kwa haraka, na nani alikuwa amesimama mlangoni.

Alichukua tepu shingoni kwa Fundi. Fundi hakubisha, alikwenda mwenyewe kwenye mwimo, akaweka visigino ubaoni, kidevu juu. Mwalimu aliweka rula, akachora mstari. Ulikuwa mstari mzuri, umenyooka, chini ya ule wa kwanza kabisa wa Mama.

"Andika," Fundi alisema.

Mwalimu aliweka ncha ya penseli kando ya mstari, akasita. "Niandike nchi gani?"

"Andika nyumbani."

Akaandika, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ambao watoto wa nchi kumi na moja walijifunza kuufuatisha. Kwenye droo ya cherehani Mama alikohoa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Ukifika utujulishe."

"Nitawajulisha, Mama."

Honi ililia mara ya pili. Mwalimu aliishusha chupa ya chai, akaiweka mezani ambapo Fundi angeifikia, akarudisha penseli mahali pake, akachukua begi lake akatoka.